Mnyonya Damu Aliyekuwa na Mama

Mumiani wa ukanda wa mkonge hakuwa na mwandishi. Kila aliyemsimulia alimvika alichotaka, akamwachia mwenzake aendelee naye. Reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata: Hale, Magunga, Ngombezi, Mazinde. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai pwani ya Pangani. Nusu karne baadaye uzao wake ulikuwa umefunika mabonde, na manamba, wafanyakazi wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji walikuwa wakishushwa stesheni kuja kuukata na kuupeleka korona, kiwanda cha kuusindika. Kutoka Handeni, ng'ambo ya Mto Pangani, Wazigua nao waliteremka kutafuta kibarua mvua zilipokatika na ghala za mahindi kubaki tupu.

Kwa watu hao mumiani hakuwa kitu cha kufundishwa. Pwani nzima ilimjua, kuanzia Mombasa mpaka Dar es Salaam: mtu, au kundi la watu, linalotumwa usiku kukamata wapita njia, kuwaning'iniza kichwa chini na kuwakamua damu ili itengenezwe dawa ya wakubwa. E. C. Baker, ofisa wa kikoloni aliyewahi kufanya kazi Jimbo la Tanga, aliandika juu ya imani hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizua ghasia na askari polisi akauawa. Kenya na Uganda lawama walitwikwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alipokusanya masimulizi ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 2000, hakukaa sana kwenye swali la kama damu ilinyonywa kweli. Alitaka kujua watu walikuwa wanasema nini, kwa mdomo wa mumiani, kuhusu kazi, mshahara, hospitali na serikali.

Namweka mbele mumiani kwa sababu yupo mnyonya damu mwingine ambaye historia yake ilikwenda kinyume kabisa. Huyo alikuwa na mwandishi, mwandishi akampenda, akampenda kupita kiasi, na waliompenda pamoja naye wakaja kumlalamikia mwandishi kwa sababu ya mapenzi hayohayo. Anaitwa Lestat. Mwandishi wake alikuwa Anne Rice, mwanamke wa New Orleans, Marekani.

Rice alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1941, akapewa jina la kiume, Howard, ambalo alilitupa alipoanza shule. Mama yake alikufa kwa ulevi binti akiwa na miaka 14. Mwaka 1961 aliolewa na Stan Rice, mshairi, wakahamia California, na mwaka 1966 wakapata binti, Michele. Mtoto huyo alipatwa na saratani ya damu, akafariki Agosti 1972 kabla hajatimiza miaka sita. Mwaka uliofuata mama yake alichukua hadithi fupi aliyokuwa ameiandika zamani, akaifungua na kuipanua kuwa riwaya kwa muda wa wiki tano hivi. Ndani yake akaingia msichana wa miaka mitano, Claudia, ambaye yuko mahututi, kisha anapewa damu ya wanyonya damu na hafi tena. Wala hakui. Rice alisema baadaye kwamba alipokuwa akiandika hakuuona uhusiano kati ya mtoto wa kitabuni na mtoto wa kaburini. Mimi namwamini. Mtu aliyefiwa huongea mengi asiyoyasikia.

Kitabu kilitoka mwaka 1976 kwa jina la Interview with the Vampire. Kampuni ya Knopf ilimlipa dola 12,000 za awali, na haki ya kukitoa kwa jalada jepesi ikauzwa kwa dola 700,000. Tangu Bram Stoker alipotoa Dracula mwaka 1897, mnyonya damu alikuwa mtu wa kuogopwa kutoka nje: anaonekana dirishani, anakimbizwa, anachomwa kigingi moyoni. Rice alimkalisha kitini, akamwekea kinasa sauti, akamwambia azungumze.

Anayezungumza ni Louis, na kisa chake kinaanza mwaka 1791 katika shamba la nili karibu na New Orleans. Louis ni mwenye shamba. Ana watumwa. Lestat anamgeuza kuwa mnyonya damu, wanakaa pamoja kwenye nyumba kubwa, na usiku wanatoka kwenda kutafuta koo za kunywa. Nani anatangulia kugundua? Si jirani tajiri, si padri. Ni watumwa. Wao ndio wanaoona kwamba mabwana hawali chakula, hawatoki mchana, na kwamba kifo kimezidi mahali hapa. Wanaanza kunong'ona, kisha wanaanza kupanga, na mwishowe Louis anaiteketeza nyumba yake mwenyewe kwa moto na kukimbia.

Msomaji wa Ngombezi au Magunga akifika hapo hana budi kusimama. Anachokisoma ni kisa cha mumiani kilichosimuliwa kutoka barazani kwa bwana shamba. Kule kambini wafanyakazi ndio wasimulizi, na mnyonyaji hana hata jina lake mwenyewe. Huku mnyonyaji ndiye anayeonewa huruma, naye ana huzuni, ana haya, ana mawazo marefu kuhusu Mungu. Waliomgundua wanapita kwa kurasa chache na hawarudi tena. Malalamiko yaliyokuja kumwangukia Rice miaka 27 baadaye yalihusu mambo mengine, lakini kwangu mimi kasoro ilianzia hapo, katika kitabu chake bora kuliko vyote. Mhusika aliyempenda alimtazama kwa karibu mno, na waliosimama nyuma yake hakuwaona.

Katika kitabu hicho cha kwanza Lestat ni mtu mbaya: mkatili, mbahili wa maarifa, mpenda anasa. Mwaka 1985 Rice alimrudisha katika The Vampire Lestat, safari hii Lestat akishika mwenyewe usukani wa simulizi na kudai kwamba Louis hakusema kweli. Ilikuwa hila nzuri sana ya kisanaa na wasomaji waliipokea kwa shangwe. Ila tangu siku hiyo mwandishi naye alianza kuhama upande. Lestat alipewa nywele za Stan, mume wake, na akapewa hata siku ya kuzaliwa ya Stan, tarehe 7 Novemba. Rice hakuficha kwamba Lestat ndiye mtu ambaye yeye mwenyewe angetamani kuwa.

Mashabiki hawakuona ubaya. Mwaka 1988, kilipotoka The Queen of the Damned, wanawake wa New Orleans waliunda klabu ya wapenzi wa Lestat, na kila mwaka ikaandaa dansi la watu waliovalia kama wafu wa karne zilizopita. Rice mwenyewe alirudi kuishi mjini humo. Ilipotangazwa mwaka 1993 kwamba Tom Cruise ndiye atakayemwigiza Lestat katika filamu, alikuja juu hadharani, akasema mtu huyo hafai kabisa, na wasomaji wakasimama naye. Filamu ya Neil Jordan ikatoka mwaka 1994. Rice alipoitazama kabla haijaonyeshwa aligeuka, akalipia kurasa mbili za tangazo katika gazeti la Variety kumsifu Cruise na kazi yote. Alikuwa na haki ya kubadili mawazo, na uungwana wa kukiri. Lakini waliokuwa wamebeba mabango kwa niaba yake waliachwa wameyashika, na nadhani hapo ndipo baadhi yao walipojua kwanza kwamba katika nyumba hii kuna mwenye mji mmoja tu.

Mwaka 1995 kilikuja Memnoch the Devil. Lestat anachukuliwa mbinguni na jehanamu, anabishana na shetani, na anakunywa damu ya Yesu njiani kwenda Golgotha. Wapo waliokiona kitabu hicho kuwa kilele. Wengi wengine walikifunga wakiwa wamechoka, wakiuliza yule jambazi waliyempenda alikwenda wapi. Mwisho wa riwaya hiyo Lestat anatoweka katika jengo tupu kwenye barabara ya St. Charles. Jengo hilo lilikuwa la kweli. Mwaka 1997 mfanyabiashara wa mikahawa, Al Copeland, akafungua hapohapo mkahawa wa kifahari aliouita Straya. Rice alinunua ukurasa mzima wa gazeti la Times-Picayune kuushambulia, Copeland naye akanunua wake kumjibu, wakaendelea hivyo hadi mahakamani. Mji ulicheka. Mtu mzima, tajiri, anagombana na mwenye hoteli kwa sababu mhusika wake wa kubuni alipotelea mlangoni pake!

Jambo lililowauma mashabiki zaidi lilikuja mwaka 2000. Kwa miaka mingi walikuwa wakiandika visa vyao wenyewe vya Lestat na Louis, wakisomana bila kulipwa. Rice alitangaza kwamba haruhusu. Wahusika ni mali yake kwa hakimiliki, na kuwafikiria mikononi mwa wengine kulimuumiza. Wanasheria wakaandikia watu barua. Visa vikafichwa au kufutwa. Kisheria alikuwa na hoja, na sitaki kumbeza mwandishi anayelinda kazi yake. Kwetu huku waandishi wameibiwa kwa fotokopi mpaka wakakata tamaa. Lakini waliokatazwa hawakuwa wezi. Walikuwa wale waliokuwa wakinunua kila kitabu siku ya kwanza.

Ukanda huu wa Korogwe na Handeni una mwandishi wake wa zamani aliyezama katika wahusika wake, na inafaa kumtazama hapa. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy aliandika Habari za Wakilindi, iliyopigwa chapa kwa sehemu sehemu na wamisionari wa Magila kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikahaririwa upya na J. W. T. Allen na kutolewa Nairobi mwaka 1962. Alikuwa mtu wa karibu wa Semboja, mtawala wa Mazinde, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Korogwe. Hakuwa anabuni kama Rice, kwani wengine kati ya wahusika wake walikuwa hai na alikula nao. Shujaa wake wa kwanza, Mbegha, anatoka milima ya Nguu, upande wa Handeni ya zamani. Ni kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, wa kuogopwa na ndugu zake mwenyewe. Anafukuzwa, anakuwa mwindaji, anagawa nyama kwa Wasambaa, anaua simba na kupewa utawala Vugha.

Abdallah anampenda Mbegha, anawapenda Wakilindi, ukoo wa watawala uliotokana naye, na hafichi. Hata hivyo alipofika kwenye uasi wa Wabondei dhidi ya Wakilindi, mwishoni mwa miaka ya 1860, hakuupita mbio. Wakubwa wake wanapigwa, wanafukuzwa, wanauawa, na yeye anaandika. Kisa cha Mbegha nacho hakikuwa chake peke yake. Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, alikuta kinasimuliwa kwa namna nyingi, kila mahali na chao. Mzee asiyependezwa na Mbegha wa Abdallah hakuhitaji kumwandikia Abdallah barua. Alisimulia wake. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar naye, aliyemlea mpelelezi Bwana Msa tangu Mzimu wa Watu wa Kale, hakuona tabu mwaka 1984 kuita kitabu Kosa la Bwana Msa.

Kosa la Lestat lisingeweza kuandikwa. Hilo ndilo mashabiki walilolisema, kwa maneno yao mengi, baada ya Blood Canticle kutoka mwaka 2003. Stan alikuwa amefariki Desemba 2002 kwa uvimbe wa ubongo. Rice alikuwa amerudi katika Ukatoliki tangu 1998. Na kitabu hicho alikikusudia kiwe cha mwisho cha wanyonya damu. Kinaanza na Lestat akiwakaripia wasomaji. Anawaambia hawakumpokea Memnoch inavyostahili, na kwamba yeye anataka kuwa mtakatifu. Jaribu kufikiri: umenunua kitabu cha kumi, unafungua ukurasa wa kwanza, na mhusika unayempenda anakugombeza kwa niaba ya mama yake.

Wasomaji walijibu. Walisema Lestat haongei tena kama Lestat. Kila anayeingia chumbani anampenda, kila adui anashindwa kabla hajajipanga, hakuna linaloweza kumdhuru. Walisema mwandishi amemwabudu mhusika hadi amemmaliza. Wengine walisema anahitaji mhariri wa kumshika mkono. Wengine, na hawa siwatetei, waliingia katika msiba wake na imani yake na kumdhihaki kama mjane aliyerukwa na akili.

Septemba 2004 Rice alifanya jambo ambalo waandishi wakubwa hawalifanyi. Alikwenda palepale kwenye maoni ya wanunuzi wa Amazon, akaandika jibu refu lisilo na aya, kama mtu anayeongea bila kuvuta pumzi. Aliwaambia wamekisoma kitabu kutoka pembe isiyo sahihi. Alisema amepigania miaka mingi asiguswe na mhariri na hatakubali sentensi zake zikatwe. Kisha akatoa anwani ya nyumba yake New Orleans na kuahidi kumrudishia fedha yeyote asiyeridhika. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo mwezi uliofuata, na watu wengi ambao hawajawahi kusoma ukurasa wake mmoja wakamjua kwa kituko hicho.

Nimelisoma jibu hilo zaidi ya mara moja na sicheki tena. Ni barua ya mzazi aliyeitwa shuleni. Ila wasomaji walikuwa na hoja, na hoja yao kubwa haikuwa ya sentensi ndefu. Mnyonya damu anatisha kwa sababu ya anachochukua kwa wengine. Akishakuwa mpendwa wa kila mtu, na kila anachochukua kikawa zawadi, amebaki kijana mtanashati asiyezeeka. Mumiani hakuwahi kufika huko. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumlinda. Waliomsimulia walikuwa ndio wanaonyonywa.

Baada ya hapo Rice aliandika juu ya maisha ya Yesu, vitabu viwili, mwaka 2005 na 2008. Mwaka 2010 akatangaza ameacha Ukristo. Mwaka 2014 alitia saini ombi la kuitaka Amazon ikomeshe maoni ya wasiotaja majina, na mwaka huohuo, kinyume na alivyokuwa ameaga, akamrudisha Lestat katika Prince Lestat. Sasa hakuwa tena mtakatifu mtarajiwa. Alikuwa mfalme wa wanyonya damu wote. Baadhi ya waliokuwa wameondoka walirudi kwa furaha ya kukutana na mtu wa ujanani. Wengine waliona ugonjwa ni uleule na taji limeongezwa juu. Blood Communion ya mwaka 2018 ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Anne Rice alifariki tarehe 11 Desemba 2021 huko California kwa kiharusi, akiwa na miaka 80, akazikwa New Orleans. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kifo chake alikuwa ameuza haki za vitabu vyake kwa kituo cha AMC, na Oktoba 2022 tamthilia ikaanza kuonyeshwa. Waliomtengeneza upya Louis walifanya lile ambalo yeye asingemruhusu shabiki yeyote kulifanya mwaka 2000. Louis ni mtu mweusi. Mwaka ni 1910, si 1791. Anamiliki madanguro katika mtaa wa Storyville, na hana shamba la nili wala watumwa. Claudia ana miaka 14. Mahojiano yanafanyika Dubai.

Sehemu ya mashabiki wa zamani walilalamika kwamba wahusika wao wameharibiwa. Wengine, pamoja na wengi wasiowahi kusoma vitabu, walisema sasa ndipo kisa kimepata meno, maana Louis wa sasa anajua maana ya mtu mwingine kuwa na amri juu ya mwili wako. Lestat anayeigizwa na Sam Reid ni mtu wa kuogopwa tena: anampiga mpenzi wake, anadanganya, anakoroga fujo na kulia. Msimu wa pili ulitoka mwaka 2024. Wa tatu ukatangazwa kwa jina la kitabu cha mwaka 1985, The Vampire Lestat, zamu ya Lestat kushika kipaza sauti na kudai kwamba Louis hakusema kweli.